Uzi: Siku 12 Ladakh, kwenye gompa za Kibudha na vijiji vya mifereji

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Niliahidi kwenye uzi wa wapanda milima kwamba nikitulia nitaandika safari yangu ya Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Leo nimetulia. Nitashusha kwa vipande, na mwenye swali aulize, nitajibu humu humu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mzaliwa wa Old Moshi. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita, nikapanda daraja, sasa ni mwongoza wageni. Shemeji yangu alikuwa anasoma Chandigarh, na Julai iliyopita familia ilinituma kwenye mahafali yake. Miaka yote nimewasikia wageni wakinisimulia Himalaya huku tunapanda mlima wetu, nami nikiitikia tu kwa sababu sijawahi kuiona. Safari hii nauli ya kufika India ilikuwa imeshalipwa na familia. Nikaongeza yangu, nikapata siku 12.

Ladakh ni nchi kavu iliyojificha nyuma ya Himalaya. Milima inazuia mvua za masika ya India, kwa hiyo Leh, mji mkuu, hupata kama milimita 100 tu za mvua kwa mwaka. Mto Indus unapita katikati. Ukiangalia kutoka angani ni mawe na vumbi la rangi ya kahawia mpaka macho yachoke, halafu ghafla unaona kipande cha kijani kibichi mithili ya leso iliyoangushwa. Hicho ni kijiji. Na juu ya kijiji, kwenye mwamba, kuna jengo jeupe limekaa kama kiota. Hiyo ndiyo gompa, nyumba ya watawa wa Kibudha.

Wageni wengi hupiga picha jengo jeupe wakaondoka. Mimi nataka kuwaonyesha uhusiano wa lile jengo na ile leso ya kijani, maana nimekulia kwenye mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachaga, na nilichokikuta kule kilinigusa sana.

#2 Mleta uzi

Kabla ya gompa, tuzungumze hewa.

Kwa wanaoujua mlima wetu, Leh iko mita 3,500 hivi. Horombo, kambi ya njiani Kilimanjaro, ni 3,720. Sisi mgeni tunampitisha kwanza kambi ya Mandara, 2,720, analala huko, ndipo kesho yake anafika Horombo akiwa ameuvuka msitu kwa miguu. Kule ndege inakuchukua Delhi asubuhi, na baada ya saa moja na dakika kadhaa imekushusha kwenye uwanja ulio mita 3,256. Mwili haujaambiwa kitu.

Nilifanya kosa ambalo ningemgombeza mgeni wangu akilifanya. Siku ile ile ya kufika, saa tisa alasiri, nilipanda hadi Kasri la Leh, lile jengo la ghorofa tisa la karne ya 17 linaloutazama mji. Nilijisikia mzima. Usiku kichwa kikaanza kugonga, nikatapika mara mbili, sikupata usingizi. Mama mwenye nyumba ya wageni alikuja na supu ya mboga na chupa ya maji ya moto, akakaa mlangoni mpaka nimalize. Siku mbili zilizofuata sikutoka zaidi ya sokoni.

Kwa hiyo sikilizeni. Ukifika kwa ndege, siku mbili nzima usipande popote. Kunywa maji, kula chakula chepesi, pombe iache kabisa. Kuna vidonge vya Diamox vya kuzuia ugonjwa wa kimo, zungumza na daktari wako kabla hujaondoka nyumbani. Ukiona mwenzako anayumba akitembea, anaongea yasiyoeleweka, au anakohoa povu, hiyo si ya kusubiri asubuhi, mpelekeni hospitali usiku huo huo apate oksijeni. Kilimanjaro tunamshusha mgonjwa kwa machela na baada ya saa chache yuko chini. Kutoka Leh barabara nyingi zinapanda kwanza ndipo zishuke, kwa hiyo usidhani utakodi gari ukimbilie bondeni.

#3 Mchangiaji, Nairobi

Mkuu nimeweka kambi hapa. Nina maswali mawili ya haraka. Karatasi gani zinatakiwa? Na simu inashika huko?

#4 Mleta uzi

Karibu sana jirani.

Viza ya India unaomba kwenye mtandao. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano beba mkononi, usikiweke kwenye sanduku, kwa sababu India ni wakali sana kwa abiria wanaotoka upande wetu na Kenya imo kwenye orodha yao. Ukiwa Leh, kwenda Thiksey, Hemis, Alchi, Likir au Lamayuru hakuhitaji kibali cha ziada. Kwenda bonde la Nubra au ziwa Pangong, karibu na mipaka, mgeni lazima awe na kibali maalum, na wakala wa pale Leh hukushughulikia.

Simu: laini ya kulipia kabla uliyosajili Delhi au Chandigarh itakufa ukifika Ladakh. Laini zinazoshika ni za kulipia mwisho wa mwezi au zilizosajiliwa kule kule. Mimi nilikaa bila mtandao na sikujuta.

Barabara za kwenda Leh kutoka Manali na Srinagar hufungwa na theluji wakati wa baridi. Kati ya Juni na Septemba ndiyo salama. Ukipata muda, panda kwa barabara ya Srinagar, mwili utakushukuru.

#5 Mleta uzi

Thiksey sasa.

Siku ya nne nilijisikia vizuri, nikapanda gari saa kumi na nusu alfajiri. Ni kilomita 19 tu kutoka Leh. Giza lilikuwa bado zito na baridi ilikuwa kama ya Kibo usiku wa kilele, ile inayoingia kwenye kucha. Gompa ya Thiksey imejengwa ikipanda kilima kwa ghorofa 12, vyumba vya watawa chini, mahekalu juu. Nilihesabu ngazi mpaka nikaacha.

Juu ya paa walitokea watawa wawili vijana wamevaa mavazi ya rangi ya damu ya mzee. Wakaweka midomoni tarumbeta ndefu za shaba, ndefu kuliko wao wenyewe, zinazoitwa dungchen. Sauti yake sijui niieleze vipi. Haiingii masikioni kwanza, inaingia kifuani. Ilishuka bondeni, ikagonga milima ya ng'ambo ya Indus, ikarudi. Wakati huo jua lilikuwa linagusa theluji ya juu kabisa, sisi tukiwa bado kivulini.

Ndani ya ukumbi watawa walikaa kwa safu, wazee mbele, watoto nyuma. Wageni tunaketi kando ya ukuta, chini, kimya. Walianza kusoma kwa sauti nzito ya chini, wote pamoja, kama nyuki kwenye mzinga mkubwa, na kila baada ya muda ngoma na matoazi na zumari vinaingia kwa kishindo halafu vinanyamaza. Katikati ya sala watoto watatu walipita na birika kubwa wakimimina chai. Hawakuturuka sisi wageni. Ile ni chai ya siagi na chumvi, wenyeji wanaiita gurgur cha kwa sababu ya mlio wa mtungi wa mbao wa kuipigia. Watu wengi humu wameandika kwamba ni mbaya. Usiionje kama chai, ionje kama mchuzi. Kwenye baridi ile niliinywa vikombe vinne. Kila mtawa alikuwa na mfuko wa unga wa shayiri iliyokaangwa, anatia ndani ya kikombe, anakanda kwa vidole, anakula. Mchana nilikula mwenyewe, unaitwa ngamphe. Mtu aliyelelewa kwa ugali hashindwi.

Mtoto mmoja, labda miaka saba, alisinzia mpaka kofia ikamwangukia magotini. Mzee wa pembeni yake akaiokota, akamvika tena, sala haikukatika.

Kwenye hekalu la pembeni kuna sanamu ya Maitreya, Buddha ajaye, ina urefu wa kama mita 15 na inachukua ghorofa mbili. Ilitengenezwa kukumbuka ziara ya Dalai Lama wa 14 mwaka 1970. Unaingia ukiwa usawa wa uso wake. Nilikaa mbele ya uso ule nusu saa. Sikusali, mimi ni Mlutheri, lakini nilikaa kwa heshima na hakuna aliyeniuliza kitu.

#6 Mchangiaji, Lamu

Ndugu yangu umenifikisha kwa hiyo tarumbeta. Sisi tuna siwa. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya kwetu Lamu ni ya shaba, na zamani hailii ovyo, ni kwa shughuli nzito za waungwana. Babu yangu alikuwa akisema siwa ikilia, mtu husimama pale pale alipo. Ulivyoeleza kuwa inaanza kifuani, ndivyo hivyo hivyo.

#7 Mleta uzi

Ahsante sana mkuu. Nilikuwa natafuta neno na umenipa.

Niende haraka kwenye gompa nyingine mbili. Hemis ni kubwa na tajiri, imejificha kwenye korongo, na ilikua chini ya ulinzi wa wafalme wa Namgyal katika karne ya 17. Sherehe yake, Tsechu, huanza tarehe 10 ya mwezi wa tano wa kalenda ya Kitibeti, watawa wanacheza na vinyago siku mbili. Kila miaka 12 wanateremsha ukutani kitambaa kikubwa kilichochorwa. Mimi niliikuta sherehe imeshapita, ua uko mtupu, mbwa wamelala.

Alchi ni nyingine kabisa. Haiko kwenye mwamba, iko chini kando ya Indus, kati ya bustani za aprikoti, na kwa nje utaipita ukidhani ni maghala. Ndani kuna michoro ya ukutani ya karne ya 11 na 12. Jengo linaloitwa Sumtsek lina ghorofa tatu, na ndani kuna sanamu tatu kubwa zilizosimama ambazo vichwa vyake vinatoboa hadi ghorofa ya pili. Kanzu za sanamu zile zimechorwa watu wadogo wadogo, majumba, farasi, mahujaji. Kupiga picha hakuruhusiwi, na taa ni hafifu, kwa hiyo nendeni na tochi ndogo. Mwanga wa tochi unafungua ukuta kipande kwa kipande. Watawa wa Likir ndio wanaoitunza.

#8 Mleta uzi

Haya, sasa vijijini. Hapa nitakaa kidogo.

Kutoka Likir nilitembea siku tatu kwa miguu kupitia Yangthang na Hemis Shukpachan hadi Temisgam. Njia hii wenyeji wanaiona ya watoto. Mapito yote yako chini ya mita 4,000, na kila jioni unalala nyumbani kwa mtu. Temisgam ndipo ulipofungwa mkataba wa mwaka 1684 kati ya Ladakh na Tibet, lakini leo ni kijiji kitulivu cha aprikoti.

Salamu yao ni "julley". Inatosha kwa hodi, ahsante na kwaheri. Ukiongeza "le" mwishoni mwa cheo umeweka heshima: ama-le ni mama, meme-le ni babu, acho-le ni kaka mkubwa. Nilipomwita mwenyeji wangu wa Yangthang "ama-le" alicheka kwa furaha, akaniita mwanangu mpaka naondoka.

Hemis Shukpachan imepewa jina la mti. Shukpa ni jamaa wa mtarakwa wetu, na kuna shamba la miti hiyo mikongwe karibu na kijiji ambalo halikatwi. Majani yake wanayachoma asubuhi jikoni, moshi unazungushwa nyumba nzima. Nilisimama kwenye kivuli chake nikaponda majani mkononi. Harufu ile ile ya msitu wa kwetu.

Sasa mfereji. Jioni ya kwanza Yangthang nilisikia maji yanatiririka nyuma ya nyumba. Nikatoka. Nikakuta mfereji mwembamba umechongwa ubavuni mwa mlima, umezibwa kwa mawe na udongo na majani, na mzee mwenye koleo anafungua mlango wa maji kwa kutoa bonge la udongo na vitambaa vikuukuu. Wakuu, nilisimama pale nikajiona niko na babu. Babu yangu alikuwa akifungua mfongo kwa namna hiyo hiyo, kwa mgomba na udongo.

Mfereji wenyewe unaitwa yura. Bwawa dogo la kukusanyia maji wanaita zing, sisi tunaita nduwa. Anayegawa maji anaitwa churpon, bwana wa maji, na kijiji ndicho kinachomteua. Yeye ndiye anayejua leo ni zamu ya nani, saa ngapi, mlango upi. Maji yao yanatoka kwenye theluji na barafu ya juu, kwa hiyo mfereji hujaa alasiri baada ya jua kuyeyusha, na alfajiri unakuwa kama uzi. Churpon anapanga zamu kwa kufuata jua. Nilimuuliza, mtoto wake akitafsiri, mtu akiiba maji usiku inakuwaje. Akasema siku ya shida hakuna wa kumsaidia.

Maana yake niliielewa baadaye. Nyumba kadhaa zenye mungu mmoja wa ukoo huunda kundi linaloitwa phaspun. Mtu akizaa, akioa, akifa, ni phaspun wanaofanya kazi. Hata kumchoma maiti ni wao, kwa sababu wafiwa wenyewe hawatakiwi kushika. Ukitengwa na hao umekwisha.

Na gompa inaingia wapi? Karibu kila kijiji cha Kibudha kina gompa yake. Zamani nyumba nyingi zilimtoa kijana mmoja akawe mtawa, na mpaka leo mtawa akitembelea nyumba anasoma sala za mavuno, za ugonjwa, za msiba. Nyumba inatoa shayiri, siagi, kuni. Shayiri inatoka shambani, shamba linatoka kwenye yura. Ule unga niliouona kwenye vikombe vya Thiksey, mtawa hakuulima peke yake. Kwa hiyo ukisimama kwenye paa la gompa ukatazama chini, unatazama ghala lake. Na ukisimama shambani ukatazama juu, unatazama kitu ambacho mama yako na bibi yako wamekilisha.

Kuna jambo wanaliita bumskor. Wakati wa kilimo, wanakijiji hubeba vitabu vitakatifu mgongoni, vile vya mbao mbili na kurasa ndefu zisizoshonwa, wakazunguka mashamba yote huku wanasoma na kupiga ngoma. Mimi sikukiona, ni Ama-le alinisimulia huku anamenya vitunguu. Alisema kitabu ni kizito lakini mtu hasemi.

#9 Mchangiaji, Tanga

Kaka, hapo kwenye kuzunguka mashamba na vitabu nimekaa sawa. Huku pwani, siku ya mwaka, wazee walikuwa wakizungusha ng'ombe mji mzima na visomo, kisha anachinjwa watu wanakula pamoja. Mama yangu alishuhudia. Dini tofauti, lakini ni ile ile ya kuukinga mji kwa miguu yako mwenyewe.

#10 Mchangiaji, Marangu

Uzi mzuri, homie wa mlimani. Ila niweke sawa jambo moja wasomaji wasije wakachanganya. Mifongo yetu haitegemei barafu ya Kibo. Maji mengi ya mito ya Kilimanjaro ni mvua inayoangukia kwenye msitu na kuzama ardhini. Barafu mchango wake ni mdogo sana. Kwetu anayekata msitu ndiye anayekausha mfongo.

#11 Mleta uzi

Umesema kweli, nashukuru kwa kusahihisha, na nilipaswa kuliandika. Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Sisi tuna msitu katikati. Wao kati ya barafu na shamba hakuna kitu, ni mawe matupu.

Na ndiyo maana walivyoniuliza kuhusu Kibo nilipata shida kujibu. Temisgam, jioni ya mwisho, meme-le wa nyumba aliambiwa na mjukuu wake kwamba ninatoka kwenye mlima wenye theluji Afrika. Akaniangalia sana. Akauliza, theluji yenu inaendeleaje? Nikamwambia ukweli, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo Kilimanjaro mwaka 1912 imeondoka, na mimi mwenyewe kuna kuta za barafu nilizozipita nikiwa mgumu, yaani mpagazi, nimebeba begi kichwani, ambazo leo hazipo. Mjukuu akatafsiri. Mzee hakusema kitu kwa muda. Kisha akaelekeza mkono kwenye kilima nyuma ya kijiji, akasema alipokuwa mvulana, mwezi wa kupanda kulikuwa bado kuna weupe pale.

Shida yao kubwa iko Aprili na Mei. Shayiri lazima ipandwe mapema kwa sababu majira ya joto ni mafupi, lakini barafu ya juu kabisa inakuwa bado haijaanza kuyeyuka. Mhandisi wao mmoja, Chewang Norphel, alianza miaka ya 1980 kutengeneza barafu ya mikono: unapunguza kasi ya maji ya baridi kwenye vikuta vya mawe, yanaganda kivulini karibu na kijiji, yanayeyuka mapema. Baadaye mwingine, Sonam Wangchuk, akaja na kitu wanachokiita stupa ya barafu. Majaribio ya kwanza yalifanyika majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014. Unavuta maji kwa bomba kutoka juu ya bonde, yanashuka kwa uzito wake, mwisho wa bomba umesimama wima hivyo maji yanaruka juu yenyewe bila pampu. Usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri yanaganda yakiwa hewani na kujijenga kuwa pia kubwa iliyopinduliwa, ncha juu. Umbo hilo linaonyesha jua sehemu ndogo kulinganisha na barafu iliyo ndani, kwa hiyo inadumu mpaka wakati wa kupanda. Kwa sababu inafanana na chorten, yale majengo ya ibada yaliyotapakaa njiani, watu wakaiita stupa, na watawa wamekuwa wakiibariki.

Julai huwezi kuiona, imeshayeyuka. Nilionyeshwa bomba tu, limelala kwenye mawe.

#12 Mchangiaji, Muscat

Assalam alaykum. Mimi ni mama wa Kizanzibari niko huku Oman, watoto wangu wakubwa wanataka kwenda. Nauliza mambo ya stara, chakula cha halali, na je, mwanamke anaruhusiwa kuingia kwenye hizo gompa?

#13 Mleta uzi

Waalaykum salaam mama, shikamoo.

Wanawake wanaingia kama wanaume. Kuna vyumba vichache vya miungu walinzi ambavyo baadhi ya gompa haziwaruhusu wanawake, mtawa wa mlangoni atawaambia kwa adabu, na ndani humo baadhi ya sanamu hufunikwa nyuso mwaka mzima hadi siku ya sherehe. Mavazi wanayovaa watoto wako Muscat yanafaa kabisa: mabega na magoti yamefunikwa. Viatu vinavuliwa mlangoni, kofia ya jua nayo. Usikae umenyoosha miguu kuelekea madhabahu. Usishike michoro, mafuta ya vidole yanaiua. Ukikuta ukuta wa mawe yaliyochongwa maneno, au chorten, ipite ikiwa upande wa mkono wako wa kulia. Hivyo hivyo magurudumu ya sala, yanazungushwa kufuata saa. Mtu akisali na tasbihi usimpige picha kabla ya kumwomba. Tasbihi yao ina punje 108, mama, na wazee wanaizungusha hata wakipiga soga, utadhani uko barazani.

Chakula: Leh kuna Waislamu wa asili, na msikiti wa karne ya 17 uko pale pale kwenye soko kuu. Nyuma yake kuna wauza mikate ya tanuri, asubuhi inatoka moto, na wauza nyama wa Kiislamu wapo. Wilaya ya Kargil wengi wao ni Waislamu. Vijijini ambako hakuna bucha ya halali, wale mboga, na mboga ndizo nyingi: thukpa, ni supu ya tambi, skyu, vipande vya unga vilivyopikwa na viazi na karoti, maziwa ya mgando, aprikoti mbichi na kavu. Wakumbushe tu kukataa chhang kwa upole, ni pombe ya shayiri, na mwenyeji atawamiminia kwa ukarimu.

Jambo moja la vyoo, niliseme wazi, kwa sababu watoto wa mjini watashtuka. Ni vyoo vikavu. Chumba juu, shimo sakafuni, ukimaliza unatupia udongo kwa koleo. Hakuna tone la maji. Baada ya miezi unakuwa mboji na mwanzo wa kilimo unaenda shambani. Kwenye nchi ya milimita 100 za mvua, hoteli za Leh zinazovuta maji ya ardhini kwa ajili ya choo cha mgeni zinawaumiza majirani. Kwa hiyo waambie wachague nyumba yenye choo kikavu, wabebe chupa ya maji ya kujitawadha.

#14 Mchangiaji, Nairobi

Na Nubra na Pangong hukuenda? Kila mtu anaweka picha za huko.

#15 Mleta uzi

Nubra nilikwenda siku moja, kwa gari la pamoja. Unapita Khardung La, mita 5,359, hiyo ni juu zaidi ya pango la Hans Meyer la Kilimanjaro kwa wanaolijua, halafu watu wanashuka garini wanakimbia kupiga picha na bango. Niliwasihi watembee taratibu, nikaonekana msumbufu, na dada mmoja alizimia. Tulimrudisha garini, tukashuka, akapata nafuu. Diskit kuna Maitreya wa mita 32 anayeangalia bonde. Ni mahali pazuri. Lakini siku ile nzima nilikuwa kwenye kiti, na ningepewa siku hiyo tena ningeitumia Hemis Shukpachan.

#16 Mchangiaji, Marangu

Mleta uzi, na mfongo wenu Old Moshi bado unatoa maji?

#17 Mleta uzi

Hapana mkuu. Wa ukoo wetu ulikatika sehemu mbili, juu kwenye kona ya mwamba na chini pale barabara ilipopanuliwa. Watu wakahamia kwenye mabomba, vijana tukahamia mlimani na mjini. Nduwa imejaa majani, ng'ombe wanapita ndani.

Niliporudi nilikwenda kwa mzee wa mfongo, ana miaka themanini na kitu, nikamwonyesha picha ya churpon na koleo lake. Aliishika simu karibu na macho akauliza mlango wa maji wameufunga kwa kitu gani. Nikamwambia udongo na vitambaa. Akasema vitambaa havidumu, wangekuwa na migomba.

Mwezi uliofuata tulikuwa watu wanne, sasa tuko kumi na mmoja. Tumesafisha kama mita 300 kutoka kwenye banio. Kona ya mwamba bado, inataka magogo na watu wasioogopa kimo. Jumamosi hii tunapanda na sururu, saa kumi na mbili asubuhi, tunakutana kwenye nduwa. Ukiwa huru shuka hadi kwetu, chakula kipo.